Tingatinga: Mchoraji wa ndege ambaye jina lake huuzwa kuliko kazi zake

Katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba, baiskeli iliwalisha watu wengi kabla ya pikipiki kuchukua nafasi yake. Mnamo miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kuwabeba wasafiri na mizigo yao katika ule mwendo ulioko baina ya kituo cha mpakani cha Kenya na kile cha Uganda. Mwito wao wa kutafuta abiria ndio uliozaa neno bodaboda, ambalo leo halihitaji kufafanuliwa popote Afrika Mashariki.

Baiskeli ya kazi huchubuka, na dawa yake ni kopo dogo la rangi ya mafuta, ile inayokauka ikang'aa kama kioo. Miaka hiyo hiyo, karibu kilomita elfu moja kusini-mashariki mwa Busia, jijini Dar es Salaam, mtu mmoja asiyekuwa na baiskeli ya kupaka alinunua makopo kama hayo. Aliyatumia kuchora ndege, chui na tembo juu ya vipande vya ubao wa dari.

Mtu huyo ni Edward Saidi Tingatinga. Alichora kwa muda wa miaka minne tu, kuanzia 1968 hadi 1972, kisha akafa kwa risasi ambayo haikukusudiwa kumpata. Zaidi ya nusu karne baadaye, picha zinazobeba jina lake huuzwa katika maduka ya vinyago Zanzibar, Arusha, Nairobi na Kampala, na msafiri anayevuka Busia au Malaba na picha ya ndege iliyoviringishwa ndani ya mfuko huamini kwamba amenunua Tingatinga.

Huenda amenunua, na huenda hakununua. Jibu la swali hilo limo katika maisha ya mwenye jina.

MTOTO WA MPAKANI

Tingatinga alizaliwa mnamo 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho siku hizi hujulikana kama Nakapanya, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Wilaya hiyo inapakana na Msumbiji, na mto Ruvuma ndio mpaka. Wenyeji wa Busia wataielewa hali hiyo upesi. Kama vile Waiteso na Wasamia walivyojikuta wakiwa na jamaa Kenya na Uganda kwa sababu ya mstari uliochorwa na wageni, ndivyo Wamakua walivyojikuta pande zote mbili za Ruvuma.

Mama yake, Agnes Ntembo, alikuwa Mmakua na Mkristo. Baba yake alikuwa Mngindo. Majina ya mtoto yenyewe yalikuwa na alama za dini mbili: Edward kwa upande mmoja, Saidi kwa upande wa pili. Nalo jina la ukoo, Tingatinga, limewachekesha wengi kwa kuwa katika Kiswahili cha leo tingatinga ni lile dude la kusawazisha barabara. Msanii huyo hakulipata jina hilo kwa mashine yoyote.

Elimu yake haikuvuka shule ya msingi. Hakuna chuo cha sanaa alichopitia wala mwalimu wa uchoraji aliyemfundisha. Katika miaka ya 1950 alifanya walivyofanya vijana wengi wa kusini: alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Enzi hizo mkonge ulikuwa ndio uti wa mgongo wa uchumi wa Tanganyika, na ukataji wake ulikuwa kazi ya kuchosha yenye ujira mdogo.

Kutoka Tanga alihamia Dar es Salaam. Huko aliajiriwa nyumbani kwa afisa mmoja Mwingereza wa serikali ya kikoloni, akawa mtumishi wa nyumba na bustani hadi uhuru ulipowadia mwaka 1961 na mwajiri wake akafungasha virago. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kubangaiza. Alifanya vibarua na kuuza mboga, na jioni alipiga muziki. Alikuwa mmoja kati ya maelfu waliokuja mjini na kukuta kwamba mji hauna nafasi yao.

MBAO NA MAKOPO

Ilipofika 1968, akiwa na umri wa miaka 36, Tingatinga alianza kuchora. Yasemekana kwamba aliziona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mitaani Dar es Salaam, zikiwavutia wageni, akajiambia kwamba kazi hiyo naye angeiweza. Wapo wataalamu wanaoitafuta asili ya mtindo wake katika michoro ya kuta za nyumba kule kusini, na ubishi baina yao haujaisha. Maelezo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja bila kugombana, kwani mtu anaweza kuiona biashara mjini na kuifanya kwa mkono aliotoka nao kijijini.

Rangi za wasanii na turubai zilikuwa ghali, tena ziliagizwa kutoka ng'ambo. Yeye alitumia alichokimudu. Ubao mwembamba wa dari, ule ambao mafundi huuita silingibodi, huuzwa kwa kipimo cha futi nne kwa nane. Ukikatwa vizuri hutoa vipande vinane vya mraba, kila kimoja futi mbili kwa mbili, sawa na sentimita 60 hivi kila upande. Hicho ndicho kipimo cha picha zake nyingi. Hakukichagua kwa nadharia yoyote ya sanaa. Alikuwa anazuia ubao usipotee.

Rangi ilikuwa ile ya baiskeli. Rangi ya namna hiyo haikubali kuchanganywa polepole kama ya wachoraji wa Ulaya. Hukauka haraka, huacha ukingo mkali, na hung'aa. Basi Tingatinga aliufunika ubao wote kwa rangi moja, akaiacha ikauke, kisha akaweka juu yake mnyama mmoja au ndege mmoja, mara nyingine na mti au kijani kidogo, akammalizia kwa vidoto na mistari. Hakukuwa na kivuli wala mandhari ya mbali. Chui wake wanamtazama mtazamaji ana kwa ana, nao ndege wake wametua imara, kila mmoja akionekana kujua kwamba picha ni yake peke yake.

Kati ya ndege waliozoeleka katika mtindo huo yumo tausi, na hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Wanunuzi wengi huamini kwamba wananunua ndege wa asili ya Afrika. Tausi huyo mwenye mkia wa macho asili yake ni India. Dar es Salaam alijulikana zaidi kama pambo la bustani za Ikulu. Mtu aliyetumikia bustani ya mkubwa hakuwa na haja ya kwenda mbugani kumtafuta. Kanga, korongo, bundi na hondohondo ndio wenyeji halisi.

Mnunuzi anayevuka mpaka wa Busia hana budi kumtazama pia korongo taji, yule mwenye ushungi wa dhahabu, kwa kuwa ndiye ndege wa bendera na nembo ya taifa la Uganda. Hupatikana pia katika maeneo oevu ya magharibi mwa Kenya, na tangu 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wachoraji wa mtindo wa Tingatinga humchora kwa wingi. Hilo haliifanyi kila picha ya korongo kuwa kazi ya mikono ya Tingatinga.

CHINI YA MBUYU

Soko lake lilikuwa eneo la Morogoro Stores, Oyster Bay, mtaa waliokaa mabalozi, wataalamu wa miradi na wageni wengine, hasa kutoka nchi za Skandinavia. Watu wa jamaa yake waliuza matunda na mboga hapo, na picha zikapangwa kando, nje, chini ya mti. Mteja alikuja kununua nyanya akaondoka na chui.

Hali yake ilianza kuinuka. Kampuni ya kitaifa ya sanaa ilianza kuzinunua picha zake na kuziuza. Alipata pia kazi ya usaidizi wa wauguzi katika hospitali ya Muhimbili, akawa anachora katika saa za mapumziko. Mnamo 1970 alimwoa Agatha Mataka, nao wakajaliwa watoto wawili, Daudi na Martina.

Picha zilipotakiwa kuliko mkono mmoja ulivyoweza kutoa, aliwaita jamaa na watu wa kwao. January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia na Omari Amonde ni miongoni mwa waliojifunza kwake. Walijifunza kwa kutazama na kuiga, kama fundi seremala anavyomfundisha mwanagenzi. Hakukuwa na siri wala cheti. Hapo ndipo mbegu ya utata wa leo ilipopandwa, ingawa hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Nduguye, Simon Mpata, aliuchukua uchoraji huo na kuuleta Nairobi, ambako aliishi na kufanya kazi hadi alipofariki mnamo 1984. Kazi zake zilipendwa mno na Wajapani, hata hoteli moja ya kitalii katika eneo la Maasai Mara ikapewa jina lake. Mkenya anayedhani kwamba uchoraji huu ni wa Watanzania peke yao husahau sura hiyo.

USIKU WA 1972

Mwisho wake ulikuja ghafla. Usiku mmoja wa mwaka 1972, Tingatinga alikuwa ndani ya gari pamoja na marafiki jijini Dar es Salaam. Polisi waliokuwa wakiwasaka majambazi walidhani kwamba gari hilo ndilo la wahalifu wanaotoroka, wakalifyatulia risasi. Tingatinga alipigwa na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Aliacha mjane, watoto wadogo wawili, wanafunzi wachache na idadi ya mbao ambayo hakuna aliyekuwa amejishughulisha kuihesabu. Nyingi zilikuwa tayari zimeondoka nchini ndani ya makasha ya wageni waliomaliza mikataba yao. Hakuwa na daftari la mauzo wala orodha ya kazi. Mtu anayeuza picha kando ya nyanya haandiki stakabadhi.

Wanafunzi wangeweza kutawanyika. Badala yake waliendelea kuchora pale pale Morogoro Stores. Mnamo 1977 waliunda ushirika wao wa kwanza, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Vijana wengine wakaja, wengi wao wakitoka kusini, na jina la marehemu likageuka kuwa jina la mtindo. Mwaka 2010 hata katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa Uingereza zilivaa sura hiyo ya vidoto na rangi kali, na jina lake likiwa kwenye anwani.

Ni heshima kubwa, na wakati huo huo ni mzigo. Mchoraji akifa jina lake hubaki kwenye kazi zake. La Tingatinga lilihamia kwenye kazi za watu wengine. Mtalii akiuliza hii ni nini, muuzaji hujibu kwamba ni Tingatinga, na husema kweli kwa maana ya mtindo. Mtalii husikia maana nyingine, na kama bei inapanda kwa sababu ya alichosikia, muuzaji mwenye tamaa hana haraka ya kumsahihisha.

MKONO WA NANI?

Udanganyifu wenyewe upo wa ngazi mbili. Ule mdogo ni wa kuacha neno lifanye kazi yake bila kufafanua. Ule mkubwa ni wa kuweka saini. Thamani ya mbao za awali ilipopanda huko Ulaya na Japani, zilianza kujitokeza picha zilizotiwa saini ya E. S. Tingatinga ambazo marehemu hakuwahi kuziona. Anayetaka kulipa fedha nyingi kwa ndege wa Tingatinga mwenyewe anapaswa kuzijua dalili, na dalili hizo hutokana na maisha yaliyosimuliwa hapo juu.

Ya kwanza ni kitu kilichochorewa. Edward Tingatinga anajulikana kwa ubao. Turubai na vitambaa vilishika kasi miongoni mwa wachoraji waliomfuata, kwa kuwa mtalii anataka picha anayoweza kuiviringisha na kuiingiza ndegeni. Kwa hiyo kitambaa chenye saini ya Edward ni sababu ya kusita mara moja. Ubao nao ugeuzwe: mgongo wa ubao wa zaidi ya miaka hamsini huwa umebadilika rangi na kingo zake zimechakaa. Hata hivyo, mgongo pekee si ushahidi, kwani ubao mzee unaweza kutolewa kwenye dari yoyote inayobomolewa.

Dalili nyingine ni wingi wa viumbe. Picha zile zilizojaa ndege kumi au ishirini katikati ya maua, zikiwa na rangi zinazofifia kutoka moja kwenda nyingine kwenye mandharinyuma, zilikuzwa zaidi na warithi wake. Zinaweza kuwa nzuri sana, tena kazi ya mkono stadi kuliko wake kwa ustadi wa brashi. Yeye alizoea kiumbe mmoja, au wachache, juu ya rangi moja.

Saini ndiyo watu huiangalia kwanza, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Herufi kubwa zilizoandikwa kwa brashi na mtu asiye na mapambo ya mwandiko ni rahisi kuigwa na yeyote mwenye kopo la rangi na dakika mbili.

Kinachobaki ni historia ya picha yenyewe: nani aliinunua, wapi, mwaka gani, na ilipitia mikononi mwa nani. Kazi nyingi za kweli ziliondoka Dar es Salaam kati ya 1968 na 1972 pamoja na wageni waliokuwa wakiishi huko. Barua ya zamani, picha iliyopigwa sebuleni miaka ya 1970 ikionyesha ubao ukutani, au orodha ya mizigo ya familia iliyorejea Ulaya ina uzito kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Picha isiyo na historia, inayouzwa kwa haraka kwa bei ambayo ni ghali kwa zawadi lakini ni rahisi mno kwa kitu adimu, ni ya kuachwa ukutani ilipo.

Sheria nayo ina mipaka yake. Nchini Kenya na Tanzania, hakimiliki ya kazi ya sanaa hudumu katika uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Tingatinga kipindi hicho kilikwisha pamoja na mwaka 2022. Mtu sasa anaweza kuinakili picha yake bila kuomba ruhusa ya familia. Mtindo wenyewe haukuwahi kumilikiwa na mtu, kwa kuwa sheria hulinda kazi iliyotengenezwa na si namna ya kuitengeneza. Lakini kuuza nakala huku ukidai ni kazi ya marehemu kungali udanganyifu, na muda haujaufuta.

Jambo linalosahauliwa katika habari hii yote ya ulaghai ni wale wasiodanganya. Mchoraji anayeketi Morogoro Stores, akachora korongo taji juu ya turubai na kuandika jina lake mwenyewe pembeni, ameuza kitu halisi. Ni kazi halisi ya mtu aliye hai, anayeweza kuulizwa, na mara nyingi atakubali kupigwa picha akiwa ameishika. Mnunuzi mwenye kipato cha kawaida, awe mwalimu wa Busia au dereva wa lori anayesubiri zamu yake Malaba, hana sababu ya kutamani saini ya mtu aliyekufa mwaka 1972. Amuulize muuzaji jina la aliyechora. Asiyelijua jina hilo anauza bidhaa tu, na bei yake inapaswa kuwa ya bidhaa.

Wengi wa wanafunzi wa kwanza wamekwisha kufariki, nao wameacha majina ambayo wakusanyaji wa picha huyatafuta kwa bidii. Baadhi ya picha zao zilifutwa majina na kupewa la mwalimu wao ili zipate bei, jambo ambalo limewanyima sifa yao hata kaburini.

Daudi, aliyekuwa bado mtoto mchanga baba yake alipopigwa risasi, alikua na kuwa mchoraji katika mtindo ule ule. Kwa hivyo zipo picha zenye jina la Tingatinga zilizochorwa miongo mingi baada ya 1972 ambazo saini yake ni ya kweli kabisa. Mnunuzi hana budi kuisoma herufi ya kwanza.